Waya Si Waya Tu: Historia Fupi ya Nyuzi za Vinanda vya Kale

Katika kijitabu hiki mtasoma habari za waanzilishi wa kwaya, safari zetu na nyimbo tulizoimba. Sisi tulioachiwa kurasa hizi tumeombwa kuandika historia ya aina nyingine, historia ya nyuzi. Sababu ni mchango wa jubilei. Sehemu ya mchango huo itatumika kuitia piano ya kanisa nyuzi mpya, na katika vikao vya kamati swali moja limerudi tena na tena: "Kwani waya si waya tu? Kwa nini tusinunue ile ya duka la vifaa vya ujenzi?" Ni swali la haki. Watu wa Ulaya wameliuliza kwa karne kadhaa, na vinanda vingi vizuri vimeharibika kwa sababu lilijibiwa haraka.

Tuanzie mahali tunapopajua. Kila Desemba tunaimba Haleluya ya Handel, na besi wetu hawakubali mwaka upite bila hiyo. Wimbo huo ni sehemu ya Messiah, ambayo Handel aliitunga mwaka 1741 na ikaimbwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Wakati huo piano ilikuwepo, kwa maana Bartolomeo Cristofori wa Florence alikuwa ameshaiunda kufikia mwaka 1700, lakini wachache sana walikuwa wameiona. Kinanda cha nyuzi kilichojulikana na kila mwanamuziki kilikuwa hapsikodi. Ukibonyeza kitufe cha hapsikodi, hakuna nyundo inayogonga. Kijiti chembamba cha mbao huruka juu, na kipande cha unyoya wa ndege, mara nyingi kunguru, huudonoa uzi kama kidole kinavyodonoa uzi wa nyatiti. Sauti yake ni kali na yenye kumeta, nayo hufifia upesi.

Kinanda hicho hakina fremu ya chuma. Ni sanduku la mbao lenye kuta nyembamba na ubao wa sauti wa milimita chache tu. Juu ya mbao hizo zimevutwa nyuzi zaidi ya mia, pengine karibu mia mbili, kila moja ikivuta kilo kadhaa. Jumlisha, na utapata uzito wa karibu tani moja ukivuta ncha mbili za sanduku zikutane, usiku na mchana, kwa miaka 300 au 400. Anayebadilisha nyuzi za chombo kama hicho anacheza na mzigo huo.

Nyuzi hizo zilikuwa za metali mbili hasa. Upande wa soprano kulikuwa na chuma, na upande wa besi kulikuwa na shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Chini kabisa mafundi wengine waliweka shaba iliyo nyekundu zaidi. Ndivyo walivyofanya jamaa ya Ruckers wa Antwerp, mafundi mashuhuri kuliko wote, ambao vinanda vyao vya mwishoni mwa miaka ya 1500 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1600 bado vinapigwa hadi leo. Waya yenyewe ilivutwa na mafundi wengine kabisa, na mji wa Nuremberg huko Ujerumani ulikuwa na sifa kubwa katika kazi hiyo. Fundi alipitisha fimbo ya metali katika tundu la bamba gumu, kisha katika tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi tena, hadi ikawa nyembamba kama unywele. Waya iliuzwa kwa namba za unene, na fundi wa kinanda aliandika namba hizo kwa wino kwenye daraja au karibu na vigingi, ili atakayekuja baadaye ajue pa kuweka namba gani. Tunawashukuru watu hao. Tatizo ni kwamba kila mji ulikuwa na mpango wake wa namba, kwa hiyo namba 6 ya mji mmoja si lazima iwe namba 6 ya mji mwingine.

Hapa tuseme neno la pembeni. Wazee wetu wa pwani na bara hawakuwa wageni wa waya. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilibeba mizigo ya waya za shaba na chuma pamoja na shanga na nguo, na waya hizo zilikuwa kama fedha njiani. Masango yaliyovaliwa mikononi na shingoni yalitokana na waya hizo. Aliyekuwa na jicho la biashara alijua kutofautisha shaba na shaba kwa rangi na kwa jinsi inavyokunjika, na mnunuzi wa nyuzi za kinanda alihitaji jicho hilohilo.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo, na tunaomba uvumilivu wa wale waliokimbia hesabu shuleni. Mwaka 1636 mtawa Mfaransa aitwaye Marin Mersenne alichapisha kitabu kikubwa kuhusu muziki, na ndani yake akaeleza kanuni ambazo mafundi bado wanazitumia. Uzi ukiufupisha kwa nusu, sauti hupanda oktavu moja. Ukitaka kuipandisha oktavu moja bila kuufupisha, lazima uuvute kwa nguvu mara nne. Na ukichukua uzi wenye unene maradufu ukitaka utoe sauti ileile kwa urefu uleule, hapo pia lazima uuvute mara nne, kwa sababu uzito wake umekuwa mara nne.

Kutokana na kanuni hizo linatokea jambo ambalo karibu kila mtu hulikataa anapolisikia mara ya kwanza. Uzi ukikatika, mtu husema, "Weka mnene zaidi, huo hautakatika." Haisaidii. Uzi mnene una nguvu zaidi, ni kweli, lakini unahitaji kuvutwa zaidi kwa kiasi kilekile ili ufikie noti yake. Faida yote inaliwa. Kwa urefu mmoja na metali moja, uzi mwembamba na uzi mnene hukatika karibu kwenye noti ileile. Kinachoamua kama uzi utafika kwenye noti yake ni mambo mawili tu: urefu wake, na metali yenyewe, yaani nguvu ya metali hiyo ikilinganishwa na uzito wake. Alichofanikiwa kufanya aliyeweka uzi mnene ni kuongeza mzigo juu ya sanduku la mbao.

Ndiyo maana urefu wa nyuzi katika kinanda cha kale ni kama hati ya fundi. Tazama C iliyo oktavu moja juu ya C ya katikati. Katika hapsikodi za Ruckers za ukubwa wa kawaida, uzi wa noti hiyo una urefu wa karibu sentimita 35. Huo ni urefu wa chuma: kwa kimo cha sauti cha zama hizo, uzi wa chuma hapo umevutwa karibu na mwisho wa uwezo wake, na hapo ndipo unapoimba vizuri zaidi. Weka shaba mahali pale, nayo itakatika kabla haijafika kwenye noti, kwa sababu shaba ni nzito zaidi kuliko chuma na nguvu zake ni ndogo. Kinanda kilichokusudiwa shaba kina uzi mfupi zaidi kwa noti hiyo, karibu sentimita 28. Weka chuma kwenye kinanda hicho cha shaba, nacho hakitakatika, lakini kitakuwa kimelegea kuliko kinavyopenda, na sauti itakuwa butu, kama mwanakwaya wa tena aliyepewa mstari wa besi. Vinanda vya Italia vimewasumbua wataalamu kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Vingine vina urefu wa shaba, vingine vinakaribia urefu wa chuma, na mabishano juu ya metali ipi iliwekwa wapi, na kwa kimo kipi cha sauti, yamejaza vitabu.

Kwa nini basi besi walipewa shaba hata katika kinanda cha chuma? Kwa sababu ya nafasi. Kama kila oktavu ya chini ingeongezwa urefu maradufu, kuanzia sentimita 35 pale juu, noti ya chini kabisa ya hapsikodi ya oktavu tano ingehitaji uzi wa zaidi ya mita 4. Hakuna sebule, wala kanisa letu, lenye nafasi ya kinanda kama hicho. Fundi alifupisha nyuzi za chini hadi chini ya mita 2, na uzi uliofupishwa hivyo lazima ulegezwe ili utoe noti ya chini. Shaba, kwa kuwa ni nzito na ni laini, huvumilia kulegezwa na bado ikatoa sauti safi. Chuma hakivumilii hivyo. Fundi hakuchagua metali kwa bei.

Halafu ikaja karne ya 19, na kila kitu kikabadilika. Piano ilikua. Watu walitaka sauti ya kujaza ukumbi, na sauti kubwa ilihitaji nyuzi nene zilizovutwa kwa nguvu. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston, Marekani, alipata hataza ya fremu ya piano iliyosubuwa kwa chuma kama kipande kimoja. Viwanda vya Uingereza na Ujerumani vikaanza kuvuta waya ya chuma cha pua yenye nguvu ambazo fundi wa Antwerp hangeziota. Leo piano kubwa ya ukumbini hubeba mvuto wa tani 18 hivi kwa jumla, na inaweza, kwa sababu ya fremu ile. Waya ya zamani haikuhitajika tena. Viwanda vikaacha kuitengeneza, na ujuzi wake ukazikwa pamoja na waliokuwa nao.

Kwa hiyo hapsikodi ilipofufuka, hapakuwa na nyuzi za kuitia. Kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1889 kampuni za Pleyel na Erard zilionyesha hapsikodi mpya. Baadaye, mwaka 1912, Pleyel waliunda kwa ajili ya mpigaji mashuhuri Wanda Landowska hapsikodi kubwa sana iliyokuwa karibu piano kwa mwili wake. Hizo zilikuwa mpya, zimejengwa nzito, na zilibeba waya ya kisasa bila kulalamika. Maumivu yalikuwa kwa vile vya kale. Watu wenye nia njema walivitoa vyumba vya juu na mabanda, wakavipangusa vumbi, wakavitia waya ya piano kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dukani.

Hapa tunataka tuwe waangalifu, kwa sababu jambo hili huelezwa vibaya hata na mafundi. Chuma cha pua hakina uzito mkubwa kuliko chuma cha kawaida. Uzi wa chuma cha pua wa unene uleule, kwenye noti ileile, huvuta sawa kabisa na uzi wa chuma cha kale. Kwa hiyo waya ya kisasa peke yake haivunji kinanda. Hatari iko mahali pengine. Chukua uzi wa robo milimita. Ukiwa wa chuma cha kale, hukatika ukivutwa kwa karibu kilo 5. Ukiwa wa chuma cha pua cha kisasa, hubeba zaidi ya kilo 10. Uzi wa kale ulikuwa kama fyuzi ya umeme: mtu akipandisha sauti kupita kiasi, au akiweka uzi usiofaa, unakatika, na hasara ni uzi mmoja. Uzi wa kisasa haukatiki. Mtu anaweza kupandisha kimo cha sauti hadi A ya 440, kile kilichokubaliwa katika mkutano wa kimataifa mjini London mwaka 1939, ilhali kinanda kilijengwa kwa kimo cha chini ya hapo. Kutoka 415 hadi 440 tu, mzigo huongezeka kwa asilimia 12. Anaweza pia kuweka nyuzi nene kidogo ili sauti iwe kubwa, na hakuna uzi utakaomwonya. Kinachotoa onyo ni mbao. Gundi huachia, ukuta mrefu wa sanduku hupinda, ubao wa sauti huzama chini ya daraja, na kigingi huzunguka chenyewe kwenye tundu lililopasuka. Kufikia hapo hakuna kubadilisha uzi kutakakosaidia.

Kuna na suala la sauti. Wapigaji wengi hulalamika kwamba chuma cha pua kwenye kinanda cha kale hutoa mlio mgumu, wa bati. Pia ni kigumu kukunja kitanzi kidogo cha mwisho wa uzi, na vidole vya fundi ndivyo mashahidi.

Swali lililobaki lilikuwa: basi chuma cha kale kilikuwa nini hasa? Kwa muda mrefu watu walikisia tu. Jibu lilitoka kwenye takataka. Ndani ya vinanda vya kale, chini ya ubao wa sauti, kwenye vumbi na mende waliokufa, mlikuwa na vipande vya nyuzi zilizokatika karne zilizopita, na vingine vilibaki vimezungushwa kwenye vigingi. Wataalamu wawili wa Marekani, Martha Goodway na Jay Scott Odell, walichunguza vipande kama hivyo maabara, na mwaka 1987 wakachapisha kitabu juu ya metali ya nyuzi za miaka ya 1600 na 1700. Walionyesha kwamba chuma cha nyuzi hakikuwa chuma cha pua hata kidogo. Kilikuwa na kaboni kidogo sana, na badala yake kilikuwa na fosforasi, ambayo wafua vyuma kwa kawaida huiona kuwa uchafu unaofanya chuma kivunjike. Lakini fosforasi hiyohiyo ilifanya waya iwe ngumu inapovutwa katika matundu ya bamba, na ikaacha sauti yake laini. Kile ambacho kiwanda cha kisasa kingekitupa ndicho kilichokuwa siri ya kinanda.

Tangu hapo mafundi wachache wa Ulaya na Amerika Kaskazini wameanza tena kutengeneza waya inayofanana na ile ya kale. Hupatikana kwa aina na namba: chuma laini, shaba ya manjano, shaba nyekundu. Anayetaka kutia kinanda cha kale nyuzi leo hana tena kisingizio cha kutumia waya ya piano, ingawa wapo wanaoitumia, kwa sababu haikatiki na haiwasumbui. Sisi tunaona uzi unaokatika mara moja moja ni gharama ndogo.

Je, kila kubadilisha ni kosa? La. Tazama nyatiti ya ndugu zetu Waluo. Nyuzi zake nane zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, na leo karibu zote ni za nailoni, ileile ya kuvulia samaki. Sauti imebadilika kidogo, wazee wengine hunung'unika, lakini chombo hakikuumia. Sababu ni kwamba mtengenezaji yu hai. Anaijua nailoni, analijua gogo lake, anasogeza hiki na kupunguza kile hadi vikubaliane. Hata huko Ulaya, Johann Sebastian Bach alipofariki mwaka 1750 aliacha katika mali yake vinanda viwili vya aina ya hapsikodi vilivyotumia nyuzi za utumbo wa kondoo ili visikike kama luti. Mafundi wanaounda vya namna hiyo upya leo hutumia utumbo au nailoni, na hakuna anayelia, kwa kuwa sanduku linajengwa kwa kuujua uzi utakaowekwa. Fundi wa Antwerp amelala miaka 400. Hawezi kuja kurekebisha sanduku lake likubaliane na waya yetu. Waya ndiyo inayopaswa kulifuata sanduku.

Makumbusho mengi yamechukua hatua ya mbali zaidi. Kinanda kikiwa dhaifu mno, wanakiacha bila nyuzi kabisa, au na nyuzi zilizolegezwa, kisha wanamwagiza fundi atengeneze nakala yake ya kupigwa. Wageni wengine huudhika kusafiri mbali na kukuta chombo bubu. Sisi tunadhani ni heri hivyo kuliko kukipiga miaka kumi kisha kukizika.

Basi turudi nyumbani. Piano yetu si ya zama za Ruckers wala Cristofori. Ina fremu ya chuma, nayo ilizaliwa kwa nyuzi za chuma cha pua, zile za besi zikiwa zimezungushiwa waya ya shaba. Kwake, chuma cha pua ndiyo metali ya asili. Lakini kanuni za Mersenne hazibagui. Miaka iliyopita fundi mmoja aliyekuwa akipita alitutengenezea nyuzi tatu zilizokuwa zimekatika, na aliweka waya aliyokuwa nayo mfukoni, nene kuliko za jirani zake. Wanasoprano wanazijua noti hizo kwa uchungu: ziko juu ya kitufe cha A ya pili, na hazijawahi kukaa kwenye sauti kwa zaidi ya Jumapili mbili. Kamati imekubaliana kwamba unene wa kila uzi upimwe kwa maikromita kabla haujatolewa, noti kwa noti, kutoka chini hadi juu, na orodha hiyo ndiyo itakayopelekwa kwa muuzaji. Pale penye waya ya yule fundi, kipimo kitachukuliwa kwa jirani wa kushoto na wa kulia. Nyuzi zitabadilishwa chache chache, zikitawanywa kutoka besi hadi soprano, ili mzigo usitoke kwenye fremu na ubao wa sauti kwa mara moja.

Nyuzi kuukuu hazitatupwa. Tumeomba kila moja ikatwe kipande cha urefu wa kidole, kifungwe katika bahasha yenye jina la noti na tarehe, na bahasha zote ziwekwe katika kabati la kwaya, rafu ya juu, pembeni ya madaftari ya nota ya waanzilishi.